Tarakimu yako ya "inatosha" ni shilingi ngapi? Yangu ilihama mara tatu

Muuza Nondo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mwaka 2009 nilikuwa kijana wa dukani pale Gerezani, Kariakoo. Nauza nondo na misumari ya bosi, nalala chumba kimoja na wenzangu watatu Buguruni. Usiku mmoja nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la mauzo nikaandika: 20,000,000. Nikajiambia, nikizishika hizi nitakuwa nimefika, nitapumua.

Nilizishika 2012, nikiwa na kiduka changu mwenyewe. Sikupumua. Nilichukua kalamu nyekundu, nikaikata ile milioni ishirini, chini yake nikaandika 100,000,000. Baadaye nikaikata hiyo, nikaweka 300,000,000. Na bilioni moja niliiandika siku mke wangu yuko leba, mtoto wetu wa pili. Mimi niko kwenye gari nje ya hospitali, daftari mapajani, nasubiri simu ya dereva wa lori la saruji. Simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya dereva. Ya pili ya shemeji. Nilifurahia zote mbili, sitaki kudanganya, ila naikumbuka vizuri zaidi ile ya dereva.

Daftari bado ninalo. Tarakimu nne zimepangana, tatu zimekatwa. Ukurasa unafanana na wa mtoto aliyefeli hesabu.

Kisha vyuma vikakaza. Mliokuwa kwenye ujenzi 2016, 2017 mnajua ninachosema. Watu wamesimamisha nyumba kwenye lenta, waliokopa bati hawapokei simu. Mtu mwenye akili angepunguza mwendo. Mimi nikakopa, na nikakopa tena kulipa ule wa kwanza, hadi nikaishia kwa wale wa kausha damu. Siku moja nikaanguka dukani. Zahanati wakanipima presha, 190 kwa 115. Nesi akaniuliza, "Baba, kwa siku unalala saa ngapi?" Nikamjibu, "Inategemea, siku nzuri milioni mbili na nusu." Akanitazama. Nikadhani amesema "unauza".

Nikarudishwa kwetu Tanga kupumzika, 2018. Hapa ndipo penye habari yenyewe.

Kwetu ni Ngamiani, zile barabara za namba. Kulikuwa na mzee mmoja muuza kahawa, nimemkuta tangu niko shule ya msingi. Dele moja, lile birika la kahawa, mkaa chini, vikombe kwenye ndoo ndogo ya maji, kashata kwenye kopo. Baada ya alasiri unasikia vikombe vinagonganishwa mkononi, kli kli kli, unajua ni yeye. Akimaliza dele la pili anakwenda kucheza bao. Siku zote madele mawili. Kikombe shilingi mia.

Mimi na presha yangu nikakaa barazani nikaanza kumpigia hesabu. Hata bila kuombwa! Nikamwambia, mzee, wewe una jina, una wateja, kahawa yako inajulikana. Nitakupa mtaji, ufikishe madele sita, uweke vijana sita, wewe ukae ukusanye. Najua wengine mnakumbuka ile hadithi ya mvuvi na tajiri inayozunguka WhatsApp, ambapo mvuvi anamjibu tajiri maneno ya hekima. Huyu hakunijibu hekima yoyote. Alikubali. Alifurahi kabisa, tukapeana mikono, nikatoa kama laki tano hivi.

Miezi miwili ya kwanza pesa ilikuja. Alinunua redio mpya, akamtengenezea mkewe choo cha ndani. Halafu vijana wakaanza, mara vikombe vimevunjika, mara mkaa umepanda, mmoja akatoweka na dele lenyewe. Haya ni mambo ya kawaida ya biashara, nisingeyaleta humu.

Ninachokileta ni hiki. Barabara ya 12 kulikuwa na mwalimu mstaafu anaishi peke yake, watoto wako mbali. Miaka yote mzee wa kahawa alikuwa akifika pale anagonga dirisha, anamimina vikombe viwili, bila kashata kwa sababu mwalimu ana kisukari. Wanasemezana dakika tano, anaendelea. Mtaa ule akapewa kijana. Kijana akipita akikuta dirisha limefungwa, anapita. Hana kosa, ameambiwa auze kahawa. Mwalimu tulimkuta siku ya tatu.

Wiki iliyofuata mzee alikuja kwetu asubuhi, madele manne amebeba kwenye toroli. Yameoshwa, yamesuguliwa kwa mchanga na limau, yanang'aa. Akayapanga barazani moja moja. Akasema, "Mwanangu, haya chukua. La tano nitakulipa polepole. Mimi naweza madele mawili tu, yakizidi hapo sijui kuangalia watu." Akaondoka na lake la zamani.

Kauli hiyo nimekaa nayo miaka mingi sasa. Hakusema pesa ni mbaya, wala hakusema ameridhika na umaskini. Aliujua mpaka wake, akajua na kilichokuwa ndani ya mpaka huo. Mimi milioni 300 zote nilizokuwa nimezizungusha zilikuwa hazijawahi kuniambia mpaka wangu uko wapi.

Sikubadilika siku hiyo, msije mkanipigia makofi. Nilirudi Gerezani, nikaendelea kukimbia miaka mitatu mingine. 2021 ndiyo nikauza duka, nikalipa madeni, nikahamia Tanga. Sasa nina duka dogo la vifaa vya ujenzi. Saa kumi jioni nafunga.

Swali langu: wewe una tarakimu? Na umewahi kuifikia ukasimama?

---

Kiti cha Dirishani

Nimeweka kambi hapa. Kahawa iletwe.

---

Dola Nyeusi

Mkuu, nimesoma yote, umeandika vizuri, ila nikuambie ukweli. Nyuzi za namna hii huletwa na watu waliokwisha kupata. Maskini akisema pesa si kila kitu, mnamwita mvivu. Mwenye nacho akisema hivyohivyo, mnamwita mwenye hekima. Wewe umeuza duka Kariakoo ukaenda kufungua lingine Tanga, halafu unatuambia tusimame. Tusimamie wapi sisi ambao hatujaanza hata kutembea?

Jibu moja tu: una nyumba ngapi za kupangisha?

---

Muuza Nondo

Dola Nyeusi, moja. Mbagala, vyumba sita, chumba elfu arobaini. Hapo umenishika, sikuitaja na ilistahili kutajwa. Bila kodi ya pale sijui kama ningethubutu kufunga duka saa kumi. Huenda sasa hivi ningekuwa Gerezani napiga kelele na dereva.

Lakini nikuulize nawe. Mwaka 2012 nilikuwa na milioni ishirini taslimu na sina presha. Kwa nini sikuthubutu wakati ule?

---

Binti Mwera

Naomba niseme kwa upande wa wanaotafuta.

Nilikaa Muscat miaka minne, kazi za ndani. Riali 80 kwa mwezi, kwa wakati ule ilikuwa kama laki nne na themanini za kwetu. Nilimjengea mama nyumba ya tofali, vyumba vitatu na bati juu, nikamsomesha mdogo wangu hadi chuo. Kwa hiyo mtu akiniambia pesa si kitu, namwonyesha paa. Mama alikuwa akilala chini ya makuti yanayovuja, sasa mvua ikinyesha anasikia kelele tu. Kelele ya mvua juu ya bati jipya ni neema, atakayebisha hajalowa.

Ila kuna kitu nilikiona kule. Nyumba ile ilikuwa na sebule ya wageni nilikuwa naifuta vumbi kila siku, na kwa miaka minne sikumbuki wageni wameketi humo zaidi ya mara kumi. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu mzuri, hajawahi kuninyanyasa, nashukuru. Usiku, nikiongea na mama yangu kwenye simu, alikuwa anakuja jikoni anasimama mlangoni. Kiswahili hajui. Siku moja nikamuuliza kama anahitaji kitu, akasema hapana, anapenda kusikia tu tunavyocheka.

Tulikuwa tunacheka nini? Habari za kuku wa jirani.

Tarakimu yangu ilikuwa nyumba ya mama na ada ya mdogo wangu. Vilipokamilika nikaambiwa niongeze mkataba, na mshahara utapanda. Nikarudi nyumbani. Sasa nauza maandazi na kuna siku sukari inanishinda, na siku hizo huwa nauwaza ule mkataba. Sisemi nimefika popote.

---

Kiti cha Dirishani

Binti Mwera, hapo kwenye kuku wa jirani nimeacha kutafuna.

---

Mvita Kongwe

Mwenzangu mleta uzi, mimi niko Mombasa, na nimeupenda uzi wako kwa sababu ya neno ambalo hukulitumia. Kwetu mgeni akishakula akiongezwa chakula husema "nimekinai". Vijana siku hizi wanasema "nimeshiba", basi, lakini wazee walikuwa na kukinai. Asili yake ni ileile ya Kiarabu, qanaa, mtu kutosheka na alicho nacho. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba utajiri hauko katika wingi wa vitu, utajiri ni wa nafsi. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na kwa Muslim pia, hata madrasa za watoto wanaijua.

Sasa tazama Waswahili walivyolichukua neno lile wakalifanyia kazi. Kukinai ni kutosheka. Pia ni kushiba hata kile chakula kitamu kikaanza kukuchosha. Na lina maana ya tatu ambayo wazee walikuwa wakiitumia: kujiona, mtu kujivuna kwamba hamhitaji yeyote. Neno moja limebeba dawa na sumu yake.

Kwa hivyo tahadhari, ndugu yangu. Mtu aweza kukinai mali kisha akaanza kujivunia kukinai kwake, akawatazama wanaohangaika kama watu wa chini. Huyo naye ana tarakimu, ila ameiandika mahali pengine.

---

Muuza Nondo

Mvita, hii ya mwisho imenipata barabara. Mke wangu aliniambia kitu kama hicho mwaka jana, kwa lugha kavu zaidi. Nilikuwa namhubiria mdogo wangu aache kuhangaika na bodaboda tatu. Mke wangu akasubiri mdogo wangu aondoke, akasema, "Wewe ukishiba unataka na wengine wote waache kula."

---

Apolo Mstaafu

Salaam wakuu. Mimi nilizama Mirerani, kwenye migodi ya tanzanaiti, miaka minne. Kwa wasiojua, shimoni hakuna mshahara. Mwenye mgodi anakulisha, ugali na maharage, ananunua baruti, wewe unachimba. Mawe yakitoka mnagawana. Yasipotoka, umekula ugali wa watu miaka minne, mwisho wa hesabu.

Yalitoka 2012. Mgawo wangu ulikuwa milioni 38. Nilishika pesa Jumanne. Alhamisi nina Noah. Jumamosi niko hoteli Arusha mjini na watu kumi na moja, tisa siwajui majina. Nilinunua viatu jozi saba. Nilikuwa na mguu mmoja una kidonda cha shimoni, kiatu hakiingii, nikanunua jozi saba.

Miezi mitano. Noah niliiuza kwa nusu ya bei kumlipa mtu wa hoteli.

Watu husema tulilewa pesa, sijui uzembe, sijui wanawake. Mimi nimefikiria sana, na ninavyoona ni kwamba pesa ilinikuta sina pa kuiweka. Sisemi benki, benki nilikuwa nayo. Nasema ndani. Miaka minne yote kule chini nilikuwa naota kutoka, sikuwahi hata siku moja kuota nikishatoka nakwenda wapi. Hakuna mtu niliyekuwa nasubiri kumwona, wala kitu nilichokuwa napenda kukifanya. Mtu wa hivyo ukimpa milioni 38 ni kama kumwaga maji kwenye chekecheke, halafu unalaumu maji.

Juni 2020 tulikuwa kijiweni tunaangalia taarifa ya habari, mchimbaji Saniniu Laizer anakabidhiwa hundi ya bilioni 7.7 kwa mawe mawili. Rais Magufuli anampigia simu hadharani. Agosti akatoa lingine, kilo 6.3. Waandishi wanamuuliza atafanyia nini, anasema atajenga shule na jengo la biashara hukohuko Simanjiro, na ng'ombe wake anaendelea nao kama kawaida. Wenzangu kijiweni walicheka, bilioni saba na bado unawaza kwenda kuchunga! Mimi sikucheka. Nilijua ninachokiona. Yule pesa ilimkuta yuko nyumbani.

---

Dola Nyeusi

Apolo, nakuheshimu, umesema kwa uchungu. Ila Laizer alikuwa na ng'ombe zaidi ya 2,000 kabla ya mawe. Aliyenacho aliongezewa. Nipe mimi ng'ombe 2,000 uone nitakavyokuwa mtulivu mbele ya kamera.

---

Apolo Mstaafu

Kweli. Lakini wapo niliowaona Mirerani wakiwa na magari na majumba kabla ya jiwe kubwa, na jiwe lilipokuja liliwazoa na hayo magari. Kwa hiyo ng'ombe peke yake si jibu. Mimi sasa nafuga mbuzi kumi na wanne. Ukitaka tukapime utulivu karibu.

---

Babu wa Stoo

Vijana, nina miaka 78, mjukuu wangu ndiye aliyenifundisha kuandika humu. Mnayoyazungumza nchi hii iliwahi kuyafanya sheria, nami nilikuwepo, karani mdogo serikalini.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa kutumikia. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika. Aliwarudisha makwao, kama mia nne hivi, na papo hapo akapunguza mshahara wake yeye na wa mawaziri kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipangishe nyumba.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa na nyumba moja ya kupangisha, amejenga kwa akiba ya miaka kumi na mbili. Ikabidi achague cheo au nyumba. Akachagua nyumba. Alikuwa mtu mwema kabisa, mpole, hajala rushwa hata ya embe. Wengine walibaki na vyeo, na nyumba zikaandikwa kwa watoto. Nikajifunza mapema kwamba sheria inaweza kuufunga mkono, moyo unatokea dirishani. Mwaka 1991 kule Zanzibar miiko ile ikalegezwa, na nyumba zilizokuwa za watoto zikarudi kwa baba zao, ha ha.

Ila sitaki mfikiri nayadharau yale. Mkubwa kukata mshahara wake mwenyewe kabla hajamwambia mtu mwingine avumilie, hilo nimeliona kwa macho yangu mara moja tu katika maisha.

---

Chaki Nyeupe

Babu, nakushukuru kwa sentensi hiyo ya mwisho, maana nilikuwa nasoma uzi huu meno yameumana.

Mimi ni mwalimu, mwaka wa kumi na sita huu. Kila tukidai malimbikizo yetu kuna mkubwa mmoja husimama kwenye kikao anatuambia ualimu ni wito, thawabu yetu iko kwa watoto, tusiwe watu wa kutanguliza pesa. Anasema hayo, anapanda gari la ofisi, anakwenda kwenye semina yenye posho. Na kanisani Jumapili tunaambiwa fedha ni shina la mabaya, halafu kikapu kinapita mara tatu. (Andiko lenyewe kwa Timotheo linasema KUPENDA fedha. Watu hulikata neno moja likawa fimbo.)

Huu utajiri wa ndani ninaujua. Kuna mtoto mwaka huu alisoma sentensi nzima peke yake kwa mara ya kwanza, darasa la tatu, tulikuwa tumeshamkatia tamaa. Alivyomaliza aliinua uso akaniangalia kama amefungua mlango wa chumba ambacho hakujua kipo. Hicho kitu hakuna posho inayokilipa. Lakini kwa kuwa ninacho, kwa nini kigeuzwe sababu ya kuninyima changu? Mzee wa kahawa alirudisha madele kwa hiari yake. Angenyang'anywa akaambiwa "wewe unatosheka na mawili", ingekuwa uzi mwingine.

---

Muuza Nondo

Chaki Nyeupe, hapa nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

Nakubali yote. Hakuna mtu anayeweza kushiba kwa niaba ya mwenziwe. Anayekwambia "inatosha" huku sahani yako iko mkononi mwake, huyo anakunyang'anya. Dai malimbikizo yako, na mtoto wako wa darasa la tatu ubaki naye. Nilipoandika uzi sikuwaza kabisa kwamba maneno haya yanaweza kutumika hivyo. Niliwaza watu wa aina yangu, ambao hakuna aliyewanyima kitu.

---

Sinza Mpya

Mimi sijaelewa bado. Mleta uzi umefunga saa kumi, sawa. Saa kumi mpaka usiku unafanya nini hasa? Maana kila mtu anasema "utajiri wa ndani, utajiri wa ndani", ukimuuliza ni nini anakwambia amani. Amani ya kufanya nini?

---

Muuza Nondo

Swali zuri kuliko langu.

Miezi ya kwanza sikufanya chochote, na nikuambie ukweli, ilikuwa mateso. Saa kumi na nusu niko barazani, simu mkononi, nasubiri dereva wa lori ambaye hayupo. Nilikuwa nazunguka nyumba nakagua swichi za taa. Mke wangu akaniambia bora nirudi dukani. Nadhani watu wengi huwa hawasimami kwa sababu hiyo, wakikaa wanakutana na mtu wasiyemjua, na ni wao wenyewe.

Sasa nacheza bao, na ni mbovu. Namsomesha hesabu yule mtoto niliyeandika bilioni siku aliyozaliwa, tukikosana anasema baba unafundisha kama unadai deni. Alhamisi huwa napita barabara ya 9 na ya 11, kuna wazee watatu wanaishi peke yao, nakaa nao kidogo. Sitangazi wema. Nilianza kwa aibu, kwa sababu ya yule mwalimu. Mmoja wao aliwahi kuwa fundi wa reli, ananieleza injini za moshi mpaka nasahau njaa. Jambo hilo halina faida yoyote kwangu na ninalisubiri tangu Jumatatu.

Hiyo ndiyo orodha yote. Siwezi kuipamba zaidi ya hapo.

---

Dola Nyeusi

Haya. Sijakubali, ila nimeandika tarakimu yangu kwenye karatasi. Siitaji humu mtanicheka.

---

Binti Mwera

Dola, uiandike na siku uliyoiandika ulikuwa unafanya nini. Itakusaidia baadaye.

---

Kiti cha Dirishani

Mleta uzi, hujatumalizia. Mzee wa kahawa yupo? Na la tano alilipa?

---

Muuza Nondo

Yupo, amezeeka, miguu inamsumbua. Sasa ni dele moja tu kwa siku na mitaa miwili. La tano alilipa lote, kwa kikombe. Kila akipita kwetu ananimiminia, nikitoa mia anaurudisha mkono wangu, anasema "andika". Nilikuwa naandika kwelikweli, kwenye daftari lile lile, upande wa pili wa ukurasa wa zile tarakimu. Vikombe mia nne na hamsini. Tulimaliza mwaka juzi mwezi wa Ramadhani, baada ya futari, akaomba daftari akaangalia mwenyewe.

Siku iliyofuata nilipotaka kikombe akanidai mia.

---

Kibarua wa Lami

Wakuu samahani naingilia mada. Mleta uzi, niko Muheza, nina banda la vyumba viwili na baraza. Bati geji 30 la mita tatu unauzaje kwa sasa? Na usafiri upo?

---

Muuza Nondo

Upo. Njoo inboksi nikupe bei, au fika dukani tupige hesabu pamoja, nina wasiwasi baraza umelipunguzia. Ila uwahi kabla ya saa kumi.

---

Kibarua wa Lami

Natoka kibaruani saa kumi na moja.

---

Muuza Nondo

Basi njoo barazani kwangu na vipimo. Bati nitakutolea kesho asubuhi.